Kabla Ukope Pesa ya Gimbali, Nisikize Kwanza

Wiki iliyopita, saa sita usiku na kitu, msee mmoja alinitumia meseji. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, bado anakaa kwa mathe wake, na anashuti video za mtaa wao kwa simu ambayo skrini imepasuka kona moja. Meseji yenyewe ilikuwa fupi: "Bro, kuna gimbali nimeona ya 12,500. Niko na 4,000. Nikope hiyo ingine ama nitulie?"

Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili. Zikawa kumi. Nikafuta zote nikalala, lakini asubuhi bado swali lilikuwa linanisumbua, kwa sababu miaka miwili iliyopita mimi ndiye nilikuwa naandika meseji kama hiyo, na mtu niliyemuuliza alinijibu kwa emoji ya moto na neno moja: "Jitume."

Nikajituma. Nikakopa.

Acha nikupe hiyo hesabu vile ilikuwa, sitaficha. Gimbali ilikuwa ya mkono wa pili, 9,500. Nilikuwa na 3,500 niliyoweka kando kwa kushuti besidei mbili na video moja ya kwaya. Hiyo 6,000 iliyobaki nikatoa kwa programu za mkopo za simu, tena mbili, kwa sababu moja peke yake haikuwa inanipa yote. Plani yangu ilikuwa safi kabisa kichwani: nikiwa na gimbali nitapata harusi, harusi moja ni 8,000, nalipa mkopo, nabaki na kifaa. Hivyo ndivyo kila mtu hupiga hesabu akiwa kitandani.

Harusi haikuja. Gimbali ikaanza kutetemeka wiki ya tatu, ile tetema ya haraka haraka kama mtu ana homa, halafu ikawa inajizima katikati ya kazi. Niliilaumu mwenye aliniuzia, nikamtukana mpaka akaniblok. Baadaye sana ndiyo nikajua sehemu ya makosa ilikuwa yangu. Gimbali ya mota inataka simu ikae imesawazishwa kabla hata uiwashe. Ukiweka simu nzito upande mmoja, na kava nene, na kile kilenzi cha kubandika, unafanya mota zifanye kazi ya kubeba badala ya kazi ya kurekebisha. Zinachoka, zinapata moto, zinakufa. Hakuna mtu alikuwa ameniambia, na karatasi ya maelezo ilikuwa imepotea kitambo, si unajua vitu vya mkono wa pili.

Mkopo nao haukujizima. Siku ya kumi na kitu baada ya tarehe, mtu alimpigia mathe simu akiwa sokoni na wateja mbele yake, akamwambia kijana wake ni mwizi. Mathe hakujua hata nimekopa. Alikata simu, akamalizia kupimia mteja nyanya, akanipigia. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Ni ngapi?" Ningependa angenikemea. Najua kuna kanuni za Benki Kuu tangu 2022 zinazowakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia namba za watu waliomo kwenye simu yako kukuaibisha. Yule aliyempigia mathe hakuwa amezisoma, ama alizisoma akaona hazimhusu.

Kwa hivyo msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa ndiyo usiutafute: usikope pesa ya gimbali. Kama unataka video isiyorukaruka, tengeneza kifaa chako. Sisemi hivyo kwa sababu umaskini ni mtamu ama ati "vifaa si muhimu". Hiyo ya mwisho tutarudi kwake, kwa sababu inanikasirisha sana.

Kwanza tuelewane gimbali inafanya nini, kwa sababu wengi wetu tunanunua jina. Mkono wako ukitembea unafanya vitu viwili: unageuka na unapanda na kushuka. Gimbali ya kawaida ya simu ya kushika mkononi inashughulikia hiyo ya kwanza tu. Inazuia simu isiiname, isilale upande, isigeuke ovyo. Ile ya kupanda na kushuka, ule mdundo wa hatua zako, inabaki pale pale. Ndiyo maana unaona video ya mtu ako na gimbali ya maana lakini picha inadunda kama mtu amepanda punda. Mdundo unaondolewa na magoti. Unakunja magoti kidogo, unatua na kisigino halafu unaviringisha mguu hadi vidole, unatembea kama umebeba chai iliyojaa. Hiyo ni bure, na gimbali ya kawaida haitakufanyia.

Simu nyingi za siku hizi nazo zina utulizaji wa programu. Zinakata kingo za picha, halafu zinatumia hiyo nafasi kusogeza kila fremu ili ionekane imetulia. Jua la saa nne asubuhi, inashika poa. Ngoja ifike saa moja jioni, stejini, taa za matatu ndizo mwanga wako wote. Simu inaacha shata wazi muda mrefu zaidi ndiyo ipate mwanga, kila fremu inaingia na ukungu wa mtikisiko wake, na programu inaweza kusogeza fremu lakini haiwezi kufuta ukungu. Ndipo unapata ile video inatikisika kama maji kwenye karai. Sasa mimi video zangu karibu zote ni za jioni. Mtaa wangu huamka jioni.

Baada ya kulipa ule mkopo (ilinichukua miezi minne, na mathe alilipa zaidi ya nusu, tusiseme mengi), nilikuwa sina gimbali, sina akiba, na sina hamu. Kitu kilichonirudisha ni filamu moja. Kuna jamaa anaitwa Sean Baker, Mmarekani, alitoa filamu inaitwa Tangerine mwaka wa 2015. Aliishuti na iPhone 5s. Hiyo wengi mnajua. Ambayo hamjui ni kwamba simu zilikaa juu ya kifaa kidogo kinaitwa Steadicam Smoothee, na hicho kifaa hakina mota. Hakina betri. Ni kishikio, kiungo kinachocheza, mkono uliopinda kwenda chini, na uzito. Basi.

Nilipojua hivyo nilikaa kwa kitanda nikacheka peke yangu. Betri iliyonifanya mathe aitwe mama wa mwizi haikuwa lazima.

Na hata hiyo Steadicam yenyewe ilianza na jamaa mmoja karakana. Garrett Brown, alikuwa mwimbaji kabla aingie kwa mambo ya kamera, akaanza kuunganisha mabomba na uzito miaka ya sabini mwanzoni kwa sababu hakutaka kutandika reli kila wakati akitaka kamera itembee. Alishuti video za majaribio, moja yazo mpenzi wake akipanda mbio ngazi za jumba la makumbusho la Philadelphia. Ndizo ngazi mlizoziona kwenye Rocky ya 1976. Kwa hivyo mtu akikucheka na mabomba yako, mwache acheke.

Yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilichukua mti wa mopu, nikakata, nikafunga kishikilia simu cha fimbo ya selfi iliyovunjika juu, na chini nikafunga chupa ya maji ya nusu lita. Hakuna kiungo chochote, unashika tu katikati. Amini usiamini, ilisaidia. Kitu kirefu chenye uzito mwisho wake huwa kizito kugeuza, ndiyo maana mtu anayetembea juu ya kamba hubeba mti mrefu. Shida ilikuwa yale maji. Nilikuwa nimekunywa nusu, kwa hivyo kila nikisimama maji yalikuwa yanaendelea na safari, na simu inafuata maji. Nikajaza chupa mchanga, ikatulia. Lakini mkono wangu ukiinama, kila kitu kinainama, kwa sababu hakuna kitu kinachotenganisha mkono na simu.

Hicho kitu cha kutenganisha ndicho siri yote. Nilienda Kariobangi, kule Light Industries, nikamwonyesha mzee mmoja fundi picha kwenye simu. Alivaa miwani, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kijana wangu, hii ni mizani tu." Tangu siku hiyo naiita mizani.

Hivi ndivyo ilivyo. Kishikio ni ule mpira wa usukani wa boda, umevalishwa kipande cha bomba. Ndani ya bomba, juu, kumekaa beringi ya viatu vya magurudumu, ile namba 608. Tundu lake ni milimita 8, kwa hivyo bolti ya milimita 8 inaingia bila kubembeleza. Hiyo inakupa kugeuka kushoto na kulia. Juu ya bolti kuna kiungo kidogo cha kigololi, kama vile vilivyokuwa vinaunganisha waya wa mafuta na kabureta kwenye magari ya zamani; utavipata kwa wale wa spea za zamani ukiwa na subira na ukiwa huna aibu ya kuchakura kwenye karai la grisi. Hicho kinakupa kuinama mbele, nyuma na upande. Juu yake kibao cha alumini, juu ya kibao simu. Kutoka kwenye kibao, bapa la alumini limepinda kwenda mbele halafu chini, na mwisho wake kuna bolti yenye washa nyingi. Hizo washa ndizo uzito.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea wiki mbili nzima. Nilidhani uzito mwingi chini ndiyo utulivu mwingi. Nikaweka washa mpaka bolti ikaisha. Matokeo? Pendulo. Nikianza kutembea, simu inabaki nyuma halafu inakuja mbele. Nikisimama, inaendelea kubembea kama kengele ya kanisa. Nikamrudia mzee nikalalamika kiungo ni kibaya. Akanipa rula, akaiweka juu ya kidole, akaning'iniza nati upande mmoja. Hakusema kitu.

Wasee, hiyo ni fizikia ya kidato cha pili. Ile ya rula juu ya kisu. Nilipata alama zangu vizuri kwenye hiyo mada na sikuwahi kujua ni ya nini. Simu yangu na kava ni gramu 200 hivi. Iko sentimita 6 juu ya kiungo. Sita mara mia mbili ni 1,200. Washa ziko sentimita 20 chini ya kiungo. Gawanya 1,200 kwa 20, unapata gramu 60. Gramu sitini tu na vitu vinasawazika, ukiacha uzito wa mkono wenyewe wa alumini, ambao nao unasaidia. Mimi nilikuwa nimefunga karibu gramu 300. Nilienda dukani kwa jirani nikapima washa kwenye mizani yake ya sukari, akafikiri nimeanza biashara haramu.

Unachotaka ni kitovu cha uzito kikae chini ya kiungo kidogo sana, kidogo tu, ndiyo simu ijue juu ni wapi lakini isivutwe kwa nguvu. Jaribio lake ni rahisi: ilaze upande kadiri kiungo kitakavyokubali, achilia, hesabu. Ikisimama kabla umalize "moja", uzito umezidi. Ikichukua kama sekunde mbili hivi kurudi wima polepole, umefika. Isiporudi kabisa, ongeza washa moja. Halafu mbele na nyuma unasawazisha kwa kusogeza simu milimita moja moja. Hiyo sehemu inataka roho ya kushona. Mara ya kwanza ilinichukua saa moja na nusu, sasa ni dakika tatu.

Na usiishike kama rungu. Mkono mmoja unabeba kishikio, vidole viwili vya mkono mwingine vinagusa tu chini ya kiungo, kuongoza. Ukikamata, umeshuti na mkono wako, si na mizani.

Bei: beringi mbili 100, kiungo 150, alumini ya mabaki 100, mpira wa boda 80, washa 60, kishikilia simu kipya 200 kwa sababu ile ya kwanza nilivunja, bolti na nati 40, fundi kutoboa na kupinda 150. Hiyo ni 880. Lakini sitaki kuwa wale watu wa "nilitengeneza na soo nane tu". Ukiongeza vitu nilivyoharibu na nauli za kwenda Kariobangi, ilifika karibu 1,900. Bado ni pesa. Tofauti ni kwamba nilitoa kidogo kidogo, na hakuna siku mtu alimpigia mathe kuhusu washa.

Halafu kitu kingine, si mada lakini nitasema kwa sababu naona mnafanya. Acheni kufunga simu kwenye usukani wa boda ndiyo mpate "shoti ya kusonga". Apple wenyewe walitoa onyo mwaka wa 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu lenzi ndani yake huwa inaelea kwenye kisumaku. Boda ya hapa si injini kubwa, sawa, lakini barabara za hapa zinaifidia. Kaa nyuma, shika kwa mkono, acha mwili wako uwe springi. Na vaa helmeti.

Haya, sasa turudi kwa ile kauli. "Vifaa si muhimu, muhimu ni stori." Umeisikia. Na karibu kila mara ukiisikia, angalia nyuma ya anayesema: taa mbili, maiki ya 30,000, dirisha kubwa. Vifaa ni muhimu, bana. Nilienda kushuti ruracio moja, tumekubaliana 6,000. Nikatoa mizani yangu kwenye begi, wakati huo bado ina alumini ya kung'aa na mpira wa boda wa rangi nyekundu. Mzee mmoja wa kamati akauliza kama ni ya kupima mahindi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Jioni wakati wa kulipwa nikaambiwa watatoa 3,000, kwa sababu "hata vifaa huna". Video wakaipenda. Waliiposti kila mahali. Lakini 3,000 yangu ilikuwa imeshaliwa na muonekano wa mpira wa boda.

Nilifanya nini? Nilinunua rangi nyeusi ya kupuliza, 350. Nikapaka kila kitu mpaka washa. Nikabadilisha mpira wa boda nikaweka mweusi. Tangu hapo hakuna mtu ameniuliza kitu. Kazi iliyofuata dada mmoja aliniuliza nimeagiza kutoka nchi gani. Nikamwambia Kariobangi, akafikiri natania. Unaweza kuona hii kama stori ya kuchekesha, na kweli inachekesha, lakini mimi huwa nafikiria ile 3,000. Watu hawalipi utulivu wa picha. Wanalipa rangi nyeusi. Ukijua hivyo mapema utaokoa pesa nyingi, lakini usiniambie ni haki.

Kuna wengine watakuja na ile nyingine: "Huyu aliacha chuo na angalia vile anaunda vitu! Chuo si lazima!" Tafadhali. Mimi sikuacha chuo kwa sababu ya ndoto. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha, na mdogo wangu alikuwa anaingia sekondari, na mtu mmoja ilibidi atoke kwenye foleni. Ule mlinganyo wa gramu sitini nilifundishwa na mwalimu darasani, si na mtaa. Mzee wa Kariobangi alinionyesha mahali pa kuutumia. Nilihitaji wote wawili. Ukiwa kwa darasa sasa hivi na mtu anakulipia, kaa hapo, na ukipata nafasi ya kuingia karakana, ingia pia. Sitaki kuwa picha ya ukutani ya mtu yeyote anayetaka vijana "wabunifu" wajipange bila kulipwa.

Na kuwa mkweli, mizani ina vitu haiwezi. Upepo ni adui. Siku moja nilienda kushuti juu ya ghorofa ya saba, simu ikawa inageuka kama bendera, nikarudi nyumbani na dakika ishirini za kitu hakitumiki. Haiwezi kukufuata sura. Haiwezi kugeuka yenyewe polepole ukitaka ile shoti ya mawingu. Inataka mikono miwili, kwa hivyo huwezi kushuti ukiongea na kushika mwavuli. Mkono unachoka. Na kuna soja wa jengo moja mjini alinizuia mlangoni dakika arobaini kwa sababu hakuelewa ni kitu gani, na kusema ukweli, hata mimi ningejizuia.

Kitu kingine: kikishafanya kazi, utalewa. Mwezi wangu wa kwanza kila kitu nilishuti nikitembea. Chapati inapikwa, naizunguka. Mtu anaongea kuhusu mtoto wake mgonjwa, naelea kushoto kama jini. Mathe ndiye aliniambia, aliangalia video yangu moja akauliza, "Mbona humwachi huyu mama aongee?" Sasa mtu akiongea kitu kizito naweka simu juu ya kreti ya soda na natoka nyuma yake. Mizani natoa wakati mtu anakwenda mahali na mimi nataka twende naye. Mama wa viazi akisukuma mkokoteni saa kumi na moja alfajiri. Makanga akikimbilia mlango. Watoto wakitoka shule. Hapo utulivu una kazi.

Kununua je? Nunua, lakini kwa pesa ya mteja. Mteja akitaka shoti ambayo mizani haiwezi, mwambie alipe amana, na kwa hiyo amana ukodishe gimbali ya siku moja. Mimi nimekodisha kwa 800 mara tatu. Ukijikuta unakodisha kila wiki, hapo kifaa kimejiombea kununuliwa, na utalipa keshi. Ukijikuta umekodisha mara moja tangu Januari, basi hata hukuwa unakihitaji, ulikuwa unakitamani. Nami bado nakitamani, si dhambi.

Yule kijana nilimjibu hatimaye. Nilimwambia ile 4,000 aigawe: 1,000 ya vipande, 500 ya makosa, kwa sababu makosa yatakuja, na 2,500 akae nayo. Alijibu, "Lakini ya kujitengenezea haitaonekana profeshono." Nikamtumia picha ya yangu, kabla ya rangi na baada ya rangi. Akanyamaza siku nzima. Halafu akauliza, "Hiyo kiungo inapatikana wapi?"

Nimebaki na beringi tatu na bapa moja refu la alumini. Jumamosi nitakuwa kwa mzee kuanzia saa nne asubuhi. Tayari wawili wamesema watakuja. Ukija, beba simu yako na kava lake, rula, na pesa ya fundi kutoboa, 150. Washa ziko.